Kiti Kimoja cha Mbulu

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, ule uliomfanya Mwalimu Julius Nyerere kuwa Waziri Kiongozi wa Tanganyika, TANU ilipata viti 70 kati ya viti 71. Hesabu hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi katika maisha yangu ya ualimu. Wanafunzi waliinakili, wakapiga mstari chini yake kwa rula, wakasubiri habari za Uhuru. Ni wachache sana walionyoosha mkono wakauliza: na kile kimoja, Mwalimu, kilikwenda wapi?

Kiti kile kilikuwa cha Mbulu, katika nyanda za juu za Jimbo la Kaskazini. Nilifundisha katika wilaya hiyo kwa miaka 12, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1972. Sikuzaliwa huko. Nilikwenda kama mwalimu mgeni, nikajifunza salamu zao, nikajifunza kuvumilia baridi yao, na jioni nilipokaa na wazee nilisikiliza habari ambazo hazikuwamo katika vitabu nilivyopewa chuoni. Ninayoyaandika hapa yametokana na vitabu na pia na jioni hizo. Hata hivyo, pale ninapotaja miaka na hesabu, msomaji ajue nimetegemea maandishi. Kumbukumbu ya mzee ni hazina kubwa, lakini si kalenda.

Aliyekichukua kiti cha Mbulu ni Herman Elias Sarwatt. Alisimama kama mgombea binafsi, akamshinda Chifu Amri Dodo, ambaye ndiye aliyekuwa ameteuliwa na TANU. Mtu asiyejua habari za siku zile atadhani Sarwatt alikuwa mpinzani wa TANU, pengine mtu wa Wazungu, au mfuasi wa Zuberi Mtemvu aliyekuwa amejitenga mwaka 1958 na kuanzisha chama chake cha African National Congress. La hasha. Chama cha Mtemvu kilipata kura 337 tu nchi nzima katika uchaguzi ule. Sarwatt alikuwa mwana-TANU, na waliompigia kura walikuwa watu wa TANU. Bungeni hakukaa kuipinga serikali ya Nyerere. Kwa hiyo, pale Mbulu TANU ilishindwa na TANU, na hilo ndilo linalonifanya niione habari hii kuwa kubwa kuliko kiti kimoja.

Kabla sijaendelea, nilieleze neno moja, maana limewachanganya wengi. Wakati wa Mwingereza, jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala lenye wilaya kadhaa ndani yake: Jimbo la Kaskazini, Jimbo la Tanga, Jimbo la Ziwa. Baada ya Uhuru majimbo hayo yakavunjwa, ikaja mikoa, na neno jimbo likabaki bila kazi mpaka likapewa hii ya sasa, yaani eneo linalomchagua mbunge mmoja. Lakini katika uchaguzi wa kwanza kabisa maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1958 Jimbo la Kaskazini lote, kuanzia Moshi hadi Mbulu, lilipiga kura kama eneo moja la uchaguzi. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kwa kura moja kila mmoja. TANU ilibishana sana juu ya masharti hayo katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, na ikaamua kuingia. Jimbo la Kaskazini likawapeleka Barazani Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, wote watatu wakiwa wameungwa mkono na TANU.

Na mpiga kura mwenyewe alikuwa nani? Mwaka 1958 sharti awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la nane, au awe na wadhifa uliotambuliwa. Hebu fikiria ni watu wangapi huko vilimani Kainam, au kwa wafugaji wa chini ya Mlima Hanang, waliokuwa na pauni 150. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe, na ng'ombe haandikwi katika stakabadhi ya mshahara. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa. Ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75. Ndipo walimu wa shule za misheni, makatekista, makarani wa baraza, wenye maduka na vijana waliosoma madarasa machache wakaingia katika daftari kwa wingi.

Hapa kuna jambo ambalo hesabu ya viti 70 inalificha. Watu waliojiandikisha mwaka 1960 walikuwa kama 885,000. Waliopiga kura walikuwa kama 121,000 tu. Si kwamba waliobaki walikuwa wavivu. Wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa, kwa hiyo katika sehemu kubwa ya nchi siku ya uchaguzi ilikuwa siku kama nyingine, watu wakaenda shambani. Kura halisi ilipigwa katika sehemu 13 tu, na Mbulu ilikuwa mojawapo. Mpiga kura wa sehemu nyingi za Tanganyika aliukaribisha utawala wa ndani bila kuliona sanduku la kura. Wa Mbulu aliliona, akachagua, na alichokichagua sicho alichoambiwa.

Kwa nini? Jibu rahisi, ambalo nimelisikia hata kwa watu wenye elimu yao, ni kabila. Wilaya ya Mbulu ya zamani ilikuwa kubwa mno. Ilizishika nchi ambazo leo ni wilaya za Mbulu, Karatu, Babati na Hanang. Waliokuwa wengi ni Wairaqw, ambao majirani huwaita Wambulu. Kusini na mashariki yao walikuwapo Wagorowa wa Babati, ndugu zao wa lugha. Kisha Wabarabaig na Wadatoga wengine, wafugaji. Wambugwe kando ya Ziwa Manyara. Na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wawindaji na wachimba mizizi. Sijui wilaya nyingine ambamo mwalimu anaweza kutembea siku chache akasikia lugha ya Kikushi, ya Kinailoti, ya Kibantu, na ile ya Kihadzabe yenye sauti za kudata ulimi. Chifu Amri Dodo alikuwa wa Wagorowa. Sarwatt ni jina la Wairaqw. Basi, husema wenye jibu rahisi, Wairaqw walikuwa wengi, wakamchagua wao.

Sikatai kwamba hilo lilikuwa na uzito. Kukataa kungekuwa kujidanganya. Lakini jibu hilo halielezi mambo yote. Wagombea kadhaa wa TANU mwaka ule walitoka katika makabila madogo, au hawakuwa Waafrika kabisa, na watu waliwakubali kwa sababu chama kilikuwa kimewaeleza shabaha yake. Wazee niliokaa nao Mbulu hawakuanza habari yao kwa Ugorowa wa Amri Dodo. Walianza na mambo mawili. La kwanza ni kwamba alikuwa chifu, na watu walikuwa bado wanakumbuka amri za miaka ya hamsini za kupunguza mifugo, ambazo zilipitishwa kwao kwa mikono ya machifu. Chifu alikuwa kati ya watu wake na Bwana Shauri, na aliyesimama katikati hupigwa na pande zote mbili. La pili, na hili walilirudia zaidi, ni kwamba hawakuulizwa. Jina lilikuwa limekwisha kuamuliwa, wao wakaambiwa walipigie kura.

Mimi naliamini zaidi hilo la pili. Naliamini kwa sababu ya yale yaliyofuata katika nchi hiyo hiyo, kwa muda wa miaka 50, chini ya sheria tofauti na vyama tofauti.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliliona tatizo waziwazi. Mwaka 1963 alitoa kijitabu kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama. Alisema kwamba pale ambapo chama kimoja kinaungwa mkono na karibu watu wote, mgombea wa chama hupita bila kupingwa, na hapo mwananchi hana la kuchagua. Akaona afadhali nchi ikubali wazi kuwa ni ya chama kimoja, kisha ndani ya chama hicho watu waruhusiwe kuchagua mtu. Januari 1964 akaunda Tume chini ya Rashidi Kawawa, na mwaka 1965 ikaja Katiba ya Muda. Utaratibu wake ulikuwa hivi: mkutano mkuu wa wilaya wa TANU uliwapigia kura wote walioomba ubunge, Halmashauri Kuu ya Taifa ikaletewa orodha, ikachagua majina mawili, wananchi wote, wenye kadi na wasio na kadi, wakachagua mmoja kati ya hao wawili.

Wako wanaouita utaratibu huo kiini macho. Sikubaliani nao moja kwa moja. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 mawaziri wawili walianguka, mmojawapo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyeijenga mikono ya ushirika wa pamba kule Ziwa. Wabunge wengi waliokuwa wamepita bila kupingwa mwaka 1960 walikutana na wapiga kura kwa mara ya kwanza, na wakarudishwa nyumbani. Hapo ndipo ninapoona kwamba Mbulu ilitangulia. Kile ambacho watu wake walikifanya kwa kuvunja utaratibu mwaka 1960, yaani kuchagua kati ya wana-TANU wawili, miaka mitano baadaye kilikuwa ndio utaratibu wenyewe kwa nchi nzima. Sisemi kwamba Mwalimu aliiga Mbulu. Nasema tu kwamba maradhi yale yale yalionekana huko kwanza.

Lakini tofauti moja ilikuwa kubwa, na haikusemwa kwa sauti. Mwaka 1960 Sarwatt alijisimamisha. Kuanzia 1965 hakuna aliyeweza kujisimamisha. Wawili wale walichujwa kwanza, na mchujo wa mwisho ulifanyika mbali na wilaya.

Niliwahi kuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura katika uchaguzi wa 1975, na tena 1980. Walimu ndio tuliokuwa karibu, tuna mwandiko unaosomeka, na hatukuweza kukataa. Kituo changu kilikuwa darasa la tatu la shule ya msingi. Kituturi tulikitengeneza kwa blanketi na mianzi. Karatasi ya kura ya Rais ilikuwa na picha ya Mwalimu upande mmoja, na upande wa pili kivuli tu, kwa ajili ya anayetaka kusema hapana. Karatasi ya mbunge ilikuwa na alama mbili, jembe na nyumba, zilizogawiwa wagombea na chama ili asiyejua kusoma naye achague.

Alama hizo zilisemwa kuwa sawa. Mjini labda. Kwa mkulima wa Kiiraqw, ambaye babu zake walijenga nyumba zilizozama nusu ubavuni mwa kilima ili adui apite juu bila kuziona, nyumba ni neno zito. Jembe nalo ni zito kwake, maana analilisha shamba lake samadi kama mtoto. Lakini mfugaji wa Kidatoga akipewa jembe na nyumba achague, utamsikia akiuliza ng'ombe yuko wapi. Mzee mmoja alitoka kituturini akaniuliza hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake kidogo, na sikuwa na jibu ambalo kanuni ziliniruhusu kutoa.

Kanuni zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa nzuri. Wagombea wote wawili walizungushwa vijijini pamoja, wakisimama jukwaa moja na kupewa muda sawa. Kutaja kabila, dini au rangi kulikatazwa. Hotuba zilitakiwa ziwe za Kiswahili tu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na siwezi kuisema vibaya kanuni hiyo. Imetuokoa na mengi. Hata hivyo nimeshuhudia mkutano ambamo nusu ya akina mama waliokaa nyasini walikuwa wanangoja jirani awanong'oneze kilichosemwa, na alichonong'ona jirani sicho alichosema mgombea. Mwaka 1975 pia watu wengi walikuwa wamehamishwa majuzi tu katika vijiji vipya. Walikuja kituoni na majina ya mahali ambapo hapakuwapo tena nyumba. Tukakaa na daftari hadi giza kuingia, kisha masanduku yenye lakiri yakapakiwa kwenye lori kwenda bomani, na mvua za kwanza zikawa zimeanza.

Sasa nirukie mwaka 1992, maana yaliyo katikati hayakubadili umbo la jambo hili. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza wananchi wanataka nini. Wengi, kama asilimia 80, walisema chama kimoja kiendelee, lakini Tume ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na vikaruhusiwa. Wilaya ya Mbulu ilikuwa imekwisha kumegwa. Ilitoka Hanang, kisha Babati ikatoka Hanang, na katika miaka hiyo ya tisini Karatu nayo ikawa inajitenga. Mwaka 2002 sehemu hizo ziliingizwa katika mkoa mpya wa Manyara, isipokuwa Karatu iliyobaki Arusha.

Ni Karatu hiyo ambayo mwaka 1995 ilirudia kitendo cha 1960, karibu hatua kwa hatua. Dakta Wilbrod Slaa, aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, aliomba ubunge kwa tiketi ya CCM. Katika kura za maoni wajumbe walimweka mbele. Jina lilipofika juu likaondolewa, akateuliwa mwingine. Slaa akahamia CHADEMA, chama kilichokuwa na umri wa miaka mitatu, na wapiga kura wa Karatu wakahama naye.

Wengi huutaja ushindi huo kama mwanzo wa upinzani kaskazini. Unaweza kuwa hivyo ukiutazama kutoka Dar es Salaam. Ukiutazama kutoka Karatu, naona kuwa watu walikuwa wanamfuata mtu ambaye walikwisha kumchagua wenyewe ndani ya CCM. Ushahidi wangu ni huu: mwaka 1995 CHADEMA haikuwa na mgombea wa urais, ilimuunga mkono Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 haikuwa naye tena; ilimuunga mkono Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF. Kwa hiyo mara zote mbili hapakuwa na wimbi la urais la kumbeba mbunge wa CHADEMA. Slaa alishinda mara zote mbili, na ya tatu mwaka 2005. Chama kilipata mizizi Karatu kupitia mtu. Kilipokwisha kuota, mtu akaweza kuondoka: mwaka 2010 Slaa aligombea urais, akapata zaidi ya kura milioni 2, na Karatu ikamchagua mwingine wa CHADEMA, Israel Natse.

Mwaka huo huo wa 2010, Mbulu yenyewe iliiacha CCM. Mustapha Akunaay wa CHADEMA alimshinda Philip Marmo, waziri aliyekuwa madarakani na mbunge wa miaka mingi. Hapa nakuwa mwangalifu, maana ningependa hadithi yangu inyooke na haikubali. Mwaka ule CCM ilikuwa imebadili utaratibu wake, kura za maoni zikapigwa na wanachama wote katika matawi badala ya wajumbe wachache. Hivyo hapakuwa na jina lililoshushwa kutoka juu. Watu walimchoka mbunge wao, wakambadilisha, kama wapiga kura wanavyofanya popote. Mwaka 2015, baada ya jimbo kugawanywa kuwa Mbulu Mjini na Mbulu Vijijini, yote mawili yakarudi CCM. Karatu ikabaki CHADEMA mpaka 2020, uchaguzi ambao CCM ilichukua karibu kila jimbo la nchi na ambao matokeo yake wapinzani waliyakataa. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa katika karatasi ya kura, baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi na Tume kuifungia mlango. Kijana wa Karatu aliyezaliwa mwaka Slaa aliposhinda kwa mara ya kwanza alitimiza miaka 30 mwaka huo, na chama alichokua nacho hakikuwapo cha kukipigia wala cha kukikataa.

Nimekuwa nikisema 1960 na 1995 zinafanana. Kuna pahali zinapotofautiana, napo ndipo pananikera. Sarwatt alipokataliwa na kamati hakuhitaji kuhama chama. Aliijaza fomu yake kama raia, akasimama. Slaa alilazimika kutafuta chama, kwa sababu mwaka 1992, vyama vingi vilipoletwa, sheria ililetwa pamoja navyo isemayo kwamba mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Tuliondoa chama kimoja, lakini mlango wa raia asiye na chama, uliofungwa mwaka 1965, hatukuufungua.

Mchungaji Christopher Mtikila aliugonga mlango huo kwa miaka 20. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alikubaliana naye kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Kabla ya mwaka kwisha Bunge likabadili Katiba ili hukumu hiyo isifanye kazi. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema kuwa jambo lenyewe ni la kisiasa na ni la Bunge kuamua. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, na Juni 2013 majaji wakasema Tanzania imevunja haki ya raia kwa kumlazimisha apitie chama. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilimkubali mgombea binafsi. Kura ya maoni ya kupitisha Katiba mpya ilipangwa kufanyika Aprili 2015, ikaahirishwa, na haikupangiwa tarehe nyingine mwaka ule. Mtikila alikufa katika ajali ya gari mwanzoni mwa Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi.

Wanaopinga mgombea binafsi wana hoja, na nimezisikiliza kwa haki. Wanasema ataleta ukabila na udini, kwa kuwa asiye na chama atatafuta ukoo. Wanasema tajiri atanunua kiti bila kuulizwa na yeyote. Wanasema mbunge asiye na chama hana wa kumkemea. Hoja ya kwanza ndiyo nzito, na mfano wa Mbulu ndio ambao wangeweza kuutumia: tazama, watasema, Wairaqw walimpita Mgorowa. Lakini namtazama mtu yule yule waliyemchagua na namwona alikaa bungeni na wenzake, akapiga kura nao, Uhuru ukaja Desemba 1961 bila Mbulu kujitenga wala kugombana na mtu. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa nchi nzima, na Wagorowa na Wairaqw wakaendelea kuoana na kuuziana mahindi katika mnada wa Babati kama zamani. Na kuhusu tajiri, sijaona kwamba kura za maoni za wajumbe wachache zimemzuia. Wajumbe 500 ni rahisi kuwalisha pilau kuliko watu 50,000.

Fomu ya kugombea ubunge ya siku hizi ina mahali pa jina la mgombea, saini za wadhamini wake, na mahali pa chama kuthibitisha kwamba kimempendekeza. Sehemu hiyo ya mwisho ikibaki tupu, fomu hairudishwi kwa masahihisho, hakuna mgombea.